Mipango Yangu ya Kumlipia Pi-yun Dawa

Jumatatu, 11 Septemba

Daftari jipya. Nimelinunua kwenye duka la chini hapa hospitali, bei mara mbili ya mtaani. Mtu mwenye mipango lazima awe na pa kuiandika.

Hali ni hii. Mwezi wa Machi walimtoa mke wangu Pi-yun figo ya kushoto. Saratani. Tukaambiwa imetoka yote. Leo Daktari Yen ametuonyesha picha ya mapafu yake: madoa matatu, madogo kama punje za mchele. Mimi ni mpiga picha, nina studio hapa Chiayi mwaka wa thelathini na nne sasa, kwa hiyo nilimwuliza kama si vumbi kwenye lenzi. Akasema si vumbi.

Dawa ipo. Dripu kila wiki tatu, na vidonge kila siku. Daktari atapeleka maombi ili bima ya taifa ilipe. Majibu baada ya wiki mbili hivi. Huenda wakakubali dripu na kukataa vidonge, huenda wakakataa vyote. Wakikataa, tunalipa wenyewe. Alitaja bei ya mwezi mmoja. Hiyo studio yangu huipata kwa mwaka, tena mwaka wenye harusi nyingi.

Pi-yun akauliza kama kuna ubaya kungoja kidogo, tuseme mpaka mwaka mpya. Daktari akasema upo, mkubwa. Akatuagiza tusitoke hospitalini kabla ya kupita dirisha namba saba, kwa ofisa wa ustawi wa jamii. Wanajua mifuko inayosaidia wagonjwa wa saratani.

Tukashuka. Dirisha namba saba tukaliona. Mbele yake, kwenye kiti, ndani ya kizibao cha njano cha watu wa kujitolea, amekaa Lo Kun-shan.

Lo ni mwenyekiti wa mtaa wetu. Mwaka jana alinishinda kwa kura kumi na moja. Kampeni yangu ilikuwa na picha bora. Yake ilikuwa na supu ya bure.

Nikamwambia Pi-yun dirisha limefungwa. Akasema mbona anaona watu watano kwenye foleni. Nikasema hao wanangoja lifti. Alikuwa amechoka, hakubisha.

Jumatano, 13 Septemba

Nimefanya uchunguzi. Lo hukaa pale Jumatatu na Jumanne tu. Kwa hiyo leo nimekwenda peke yangu. Kwa tahadhari tu nilivaa barakoa, miwani ya jua na kofia ya pikipiki.

Lo alikuwepo. Kabadilishana zamu na mtu.

Kurudi nyuma haikuwezekana, alikwishaniuliza anisaidie nini. Nikabana sauti. Nikasema nimetumwa na rafiki yangu, mkewe ana saratani ya figo. Akauliza rafiki anaitwaje. Nikasema Chen. Chen wa wapi? Nikasema wa kusini.

Akanipeleka ndani kwa ofisa mwenyewe, dada Tseng, mtu mpole, mwenye maswali mengi. Upasuaji ulikuwa lini, dawa gani zimeandikwa, kuna bima binafsi, kuna watoto wanaofanya kazi. Nikajibu yote bila kukwama, mpaka uzito wa mke wa Chen. Dada Tseng akasema ni nadra mtu kumjua rafiki yake kiasi hicho. Nikasema tulisoma pamoja.

Nimepewa fomu ya kurasa nne. Tatu za mwanzo hazina tatizo. Ya nne ni barua ya kuthibitisha hali ya kaya, na chini yake kuna nafasi ya sahihi na muhuri wa mwenyekiti wa mtaa. Niliisoma mara tatu, haikubadilika.

Lo alinisindikiza mpaka mlangoni. “Mwambie Bwana Chen asichelewe,” akasema. “Na asione haya. Hapa tunapita wote.”

Alisema kwa huruma kabisa. Imenikera siku nzima.

Fomu nimeiweka kwenye droo ya negativu za filamu, chini ya harusi za mwaka 1996.

Ijumaa, 15 Septemba

Binti yetu Pei-shan kapiga simu kutoka Hsinchu. Anataka kuchukua mkopo kazini, mama yake kamkataza. Akaniuliza kama tumekwenda dirisha namba saba. Nikasema suala hilo liko katika hatua. Hatua gani, baba? Nikasema hatua ya droo. Simu ilikuwa inakatika, nadhani hakusikia.

Mchana nilileta wali wa bata mzinga kutoka kibanda anachokipenda mke wangu. Pi-yun kala vijiko vitatu. Kisha kaendelea kupanga makabati. Kabandika karatasi kila mahali kwa mwandiko wake mdogo. “Gesi: piga namba hii.” “Sweta za baridi.” “Kodi ya nyumba, mwezi wa tano, usisahau.” Nikauliza hizi karatasi ni za nini. Akasema ni usafi.

Nimezunguka nyumba nzima. Ziko ishirini na sita.

Mpango lazima upatikane kabla ya wiki kwisha.

Jumamosi, 16 Septemba

Umepatikana.

Asubuhi Pi-yun kapanda treni kwenda Tainan kwa dada yake, atarudi Jumatatu. Nafasi nzuri ya kufanya kazi.

Mtaa huu umejaa wazee. Kila mzee siku moja atahitaji picha kubwa ya kuwekwa mbele ya jeneza lake. Na familia hufanya nini? Hungoja mpaka dakika ya mwisho, halafu huniletea picha ya harusi ya mtu mwingine, nimkate mzee kutoka pembeni, na sikio la shemeji limebaki begani. Miaka thelathini na nne nafuta masikio. Sasa nitawauzia picha hiyo mapema, wakiwa wazima, wamechana nywele, kwa bei maalumu. Wateja arobaini wakilipa, mwezi mmoja wa vidonge unakaribia.

Tangazo zuri linahitaji mfano. Picha bora niliyopata kupiga maishani ni ya Pi-yun, mwaka juzi, blauzi ya bluu, ametabasamu nusu kwa sababu nilikuwa nimejikwaa kwenye waya. Nimeikuza. Nimeifanya nyeusi na nyeupe, maana biashara hii inataka uzito. Nimeitia kwenye fremu nyeusi na kuiweka dirishani. Nafasi za pembeni zilionekana tupu, nikaongeza krisantemamu nyeupe, kushoto na kulia.

Maneno ya tangazo, “Jiandae mapema, uliza ndani”, yalikosa nafasi. Nimeyaandika kwa herufi ndogo chini, nyuma ya maua.

Jumapili, 17 Septemba

Mafanikio makubwa kuliko nilivyotarajia.

Tangu asubuhi watu wanasimama mbele ya dirisha. Wengine wanavua kofia. Bibi Kao wa kibanda cha mboga alisimama muda mrefu, kisha akalia. Nimepiga picha maisha yangu yote, sijawahi kumliza mtu kwa ubora wa mwanga.

Akaingia, akanishika mkono. “Pole, mwanangu. Tulikuwa hatujui kabisa.” Nikasema ndiyo kwanza nimeanza. Akanipa bahasha. Nikapokea kama malipo ya awali, nikampa karatasi yenye namba moja, nikamwambia aje Alhamisi na nguo nzuri. Alinitazama kwa namna ya ajabu, lakini akaichukua.

Mpaka saa sita nilikuwa na bahasha tisa. Mpaka saa kumi, ishirini na tatu. Hakuna aliyeuliza bei. Mwuza chai wa kona aliniuliza kama nimepata usingizi. Nikasema nililala vizuri sana. Akamwambia mkewe ni mshtuko.

Jioni nikazifungua. Zote nyeupe. Ya kwanza elfu moja na mia moja. Ya pili elfu moja na mia moja. Ya tatu elfu mbili na mia moja. Hapa kwetu bahasha ya harusi ni nyekundu, na hela yake, ukihesabu mamia, huwa shufwa. Bahasha nyeupe na hesabu za namna hii ni za msiba.

Nilitoka nje, nikasimama pale waliposimama wao, nikatazama dirisha langu. Fremu nyeusi. Krisantemamu, maua ya msiba.

Nikarudi ndani nikakaa.

Ni dhahiri hela hizi lazima zirudi. Zote, bila kupungua hata moja. Swali lililobaki ni tarehe. Mtaa umenikopesha bila riba na bila kujua, na si adabu kuwavuruga watu Jumapili. Nitazishika mpaka bima ijibu.

Jumatatu, 18 Septemba

Pi-yun karudi na treni ya saa nne. Sikuwa nimeondoa fremu. Niliamka nikiwa na nia, nikaanza kwanza na chai.

Kutoka stesheni kapitia sokoni kununua mchicha. Anavyosimulia yeye, Bibi Kao alidondosha kabichi mbili. Kisha akajikaza, akamwuliza kwa sauti ya upole kama kuna kitu alichokosa huko kwa wafu, wamchomee kimfikie: nyumba ya karatasi, viatu, chochote, aseme tu. Pi-yun akasema mafungu mawili ya mchicha. Bibi Kao akampa manne, akakataa hela, akafunga kibanda.

Nilimwona kupitia kioo, amesimama nje na mchicha wake, anajitazama kwenye fremu. Muda mrefu. Nilitayarisha maelezo ya aina tatu.

Akaingia. “Picha nzuri,” akasema. “Usiitupe. Itakuja kutumika.”

Maelezo yote matatu yalinitoka kichwani. Nikaenda dirishani nikaondoa maua. Nikaondoa fremu. Sikujua niiweke wapi, nikabaki nimeishika mikononi. Yeye akaenda kuosha mchicha.

Ndipo gari likasimama nje. Lo Kun-shan, suti nyeusi, tai nyeusi, na vijana wawili wanashusha minara miwili ya makopo ya juisi, ile ya matanga, yenye utepe na jina la mtoaji. Mirefu kuliko mlango wangu. Lo akainamisha kichwa kwangu, akatoa maneno yake ya rambirambi aliyokuwa ameyaandika kwenye kikaratasi. Yalikuwa mazuri. Alikuwa katikati yake Pi-yun alipotoka jikoni anafuta mikono.

“Karibu, Mwenyekiti,” akasema. “Nani amefariki?”

Lo akamtazama yeye. Akatazama fremu. Akanitazama mimi. Akakunja kikaratasi mara nne.

Namshukuru kwa jambo moja, hakucheka. Aliketi, akanywa chai, akamwuliza Pi-yun polepole anaumwa nini. Na Pi-yun, ambaye kwa wiki nzima hakunieleza mimi lolote zaidi ya usafi, akamweleza yote. Figo. Mapafu. Dawa na bei yake. Lo akasema, “Sasa shemeji, dirisha namba saba ni kwa ajili ya watu kama wewe. Kwa nini hukuja?”

Pi-yun akasema lilikuwa limefungwa.

Lo akanigeukia. “Bwana Chen,” akasema, “fomu iko wapi?”

Nikauliza alijuaje. Akasema katika miaka sita ya kujitolea hajaona mtu mwingine aliyevaa kofia ya pikipiki ndani ya jengo akiwa amekuja kwa basi.

Nikaitoa. Pi-yun akasoma kurasa zote nne, kidole chini ya kila mstari. Akauliza imekaa siku ngapi kwenye droo. Tano. Akauliza kwa nini. Nikasema kura kumi na moja.

“Kura kumi na moja,” Pi-yun akasema. “Mimi mwenyewe nilimpigia yeye.”

Akasema alifanya hivyo kwa sababu uenyekiti nisingeuweza, na Jumapili zetu zingeliwa na mikutano. Lo akatazama chai yake. Mimi nilikuwa napiga hesabu. Angenipigia mimi, tofauti ingekuwa tisa.

Lo hutembea na muhuri mfukoni. Meza ilikuwa imejaa bahasha, kwa hiyo alimalizia kazi juu ya katoni ya juisi. Minara aliiacha. Aliikodi kwa kampuni, akasema, na kampuni haichukui vilivyokwisha funguliwa utepe.

Jumanne, 19 Septemba

Asubuhi Lo na Pi-yun wamepeleka fomu kwa dada Tseng. Mimi nilibaki kwenye benchi. Dada Tseng alipita akaniuliza Bwana Chen hajambo. Nikasema anaendelea vizuri.

Mchana Pi-yun kachukua bahasha zote kuzirudisha mwenyewe, nyumba kwa nyumba. Nilimfuata na orodha. Kila mlango mambo yale yale: mtu anafungua, anarudi nyuma hatua moja, anamgusa mkono kuona kama una joto. Mwuza chai alisema mimi nilimwambia nimelala vizuri sana. Pi-yun akasema hilo halimshangazi.

Bibi Kao alikataa yake. “Nimekwishatoa, nimekwishalia,” akasema. “Sirudii kazi.” Akaingia ndani, akatoka na bahasha nyekundu, akahamisha hela humo, akaongeza mia moja hesabu ikawa shufwa, akamtia Pi-yun mfukoni kwa nguvu. “Hii ya kupona. Ukifa tena mimi simo.”

Pi-yun akacheka mpaka akaegemea kibanda, mkono ubavuni pale penye kovu. Tangu Machi sikuwa nimemsikia. Niliogopa kumsemesha asije akaacha.

Njiani akaniambia kwa nini alitaka kungoja mpaka mwaka mpya. Alijua nitauza studio. Akasema, “Ukiuza utakaa wapi, mzee? Jikoni kwangu, kutwa, unanipangia sufuria?” Nikasema ningeiuza hata mara mia. Akasema hapatapatikana mtu wa kuinunua hata mara moja.

Tukatembea. Nikamwuliza zile karatasi za makabati. Tulipofika kwenye kona akasema ziache tu, hata akiwepo mimi huwa sioni kitu.

Jumatatu, 25 Septemba

Majibu. Bima imekubali dripu. Vidonge imekataa, kama Daktari Yen alivyohofia. Saa nane dada Tseng kapiga simu: mfuko mmoja utalipa vidonge kwa miezi sita, baadaye wataangalia upya, na sisi tutachangia sehemu tunayoiweza. Pi-yun akauliza kama ana hakika. Akamwuliza tena. Kisha akanipa simu mimi, akaenda uani. Nilimwona kupitia dirisha ameshika kamba ya nguo kwa mikono miwili, na hapakuwa na nguo.

Nilipomfuata akasema niondoke, vumbi limemwingia machoni. Nikasimama naye katika hilo vumbi.

Kwa ajili ya kumbukumbu naandika hivi: bila fremu, Lo asingekuja. Bila Lo, pasingekuwa na muhuri. Bila muhuri, hakuna mfuko. Kwa hiyo mpango wangu umefanikiwa, ila kwa njia tofauti na iliyopangwa. Nilimsomea Pi-yun aya hii. Akasema niandike pia kwamba nilimwua siku mbili. Nimeandika.

Jumanne, 26 Septemba

Dripu ya kwanza. Imekwenda salama. Mikono yake ilikuwa baridi, nikaishika. Nilipiga picha mbili za mfuko wa dripu, mwanga wa dirisha ulikuwa unapita ndani yake vizuri sana. Akasema nikipiga ya tatu atanirudisha kwa Bwana Chen.

Jumanne, 17 Oktoba

Dripu ya pili. Vidonge vimempa vidonda mdomoni na viganja vinambanduka, anakunywa uji wa baridi na kulalamika, na Daktari Yen anasema kulalamika ni dalili nzuri. Picha mpya ya mapafu ni mwezi wa kumi na mbili. Tunaingoja. Hilo siliandikii zaidi.

Lo, aliponiona narandaranda ukumbini kwa saa tatu nzima, alisema ningeweza kujitolea nami wakati shemeji yake yuko juu. Nilimjibu nitafikiri. Nilifikiri hivi: watu mia na zaidi hupita pale kila siku, wengi wa mtaa wetu, na uchaguzi uko miaka mitatu mbele. Nikakubali. Leo nimevaa kizibao cha njano kwa mara ya kwanza. Kinanipendeza.

Mteja wangu wa kwanza, mzee mmoja kutoka milimani, mkulima wa chai, fomu ya kurasa nne mkononi. Mkewe yuko ghorofa ya tano. Akasema hajui aanzie wapi. Nikamwelewa kabisa. Nikamkalisha. Nikamwambia fomu ni njia mojawapo, ila ni ndefu, na kwamba mimi binafsi nilimpatia mke wangu dawa kwa njia niliyoibuni mwenyewe. Akauliza njia gani. Nikamwuliza kama mkewe ana picha nzuri.

Dada Tseng alikuwa nyuma yangu. Sijui alisikia kiasi gani. Alimchukua yule mzee ndani yeye mwenyewe, na saa tano kasoro robo akanihamishia kwenye mashine ya tiketi za foleni.

Kwa kweli pale ni pazuri zaidi. Dirisha namba saba hupitiwa na wenye shida tu, mashine ya tiketi kila mtu lazima aiguse. Alhamisi nitaleta kadi zangu za biashara.

Nilipopanda juu, Pi-yun akafumbua jicho moja, akauliza siku ya kwanza imekwendaje. Nikamwambia nimepandishwa cheo.